Tochi ya kichwani: usidanganywe na lumeni

Umeitwa usiku kumtafuta mpandaji aliyepotea juu ya kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600. Utavaa tochi gani? Wengi hukimbilia yenye lumeni nyingi. Subiri kwanza. Mwanga hutawanyika: ukitaka ufike mbali mara 2, unahitaji nguvu mara 4, na betri ndiyo inayolipa. Tena kwenye baridi kali kemia ya betri huenda polepole, chaji inakata mapema. Ukungu nao hukurudishia mwanga machoni. Hapo ivue, ishike usawa wa kiuno. Kwa hiyo chagua tochi unayoweza kuipunguza mwanga na kuibadilisha betri. Betri ya akiba iweke ndani ya koti, karibu na mwili. Tochi ikikuzimikia huko, wa kutafutwa mtakuwa wawili.