Snea ya Cavacha Ndani ya Keja za Jameson

Wasee wa dramu wako na ugonjwa mmoja: msee akipata ganda poa la snea, kitu ya kwanza anawaza ni rangi ya vyuma. Dhahabu, nyeusi, kromu. Buda, luku ingoje. Rent ya keja za Jameson, hapa Parkdale, Toronto, ikishapita, mfukoni inabakinga kidogo, so hiyo ganji peleka kwa ringi, waya, na ile leva ya pembeni yenye inakazanga na kuachilia waya.

But kabla ya doh kutoka, pima mashimo. Ganda la inchi 14 linaweza kuwa la bolti 6, 8 ama 10, na ringi lazima iwe sawa na hiyo hesabu. Leva nazo, kila kampuni inatoboanga vile inajiskia. Chukua rula, pima kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya lingine, save kwa simu. Kutoboa ganda la kitambo ndio leva mpya ikae ni dhambi, hiyo mi siwezi. Bolti nyingi za Marekani za kukaza ngozi ni uzi wa 12-24, zinaingiliana tu. Premier za zamani za Uingereza ziko na uzi wao. Bolti ikikataa kuingia na vidole, wacha, usiilazimishe na ufunguo.

Ringi ndio mi napendea hii maneno. Za bati la kupinda huwa za milimita 1.6 ama 2.3, ile nyembamba inaachilia sauti ipumue, ile nzito inaibana kiasi. Za kumiminwa ni ngumu zaidi, na ka unachapa rumba, fimbo ikilala kwa ngozi ikigonga ukingo inatoa ule mlio mnene, umekauka, wenye unashikilia wimbo mzima. Cavacha je? Ile mdundo Meridjo Belobi, mpiga dramu wa bendi ya Zaïko Langa Langa, alifanya ishike Kongo miaka ya 1970, hadi bendi za Nairobi zikaikaribisha? Hapo waya ndio boss. Za nyuzi 20 zinatosha. Waya moja ikipinda, snea inakoroma ka mzae amelala kwa mat.

Ya kwenda kucheki: panda basi ya 29 ya Dufferin, donjo Bloor, kanyaga mashariki kuelekea Ossington hadi Long & McQuade, duka lenye limekuwa Toronto tangu 1956. Ringi ya mtumba ilaze kwa kioo cha kaunta, bonyeza upande mmoja na kidole. Ikicheza, rudisha. Leva nayo ishushe pole pole, skia: ikiruka na kelele ka mlango wa dinga mzee, zii. Inafaa kuteleza na kusimama penye umeiwacha.

Winter nayo, chunga bolti. Hita za Jameson zinakausha hewa, ganda la mbao linanywea, bolti zinalegea zenyewe. Weka washa za nailoni, na cheki ngozi kabla ya kila mazoezi. Usiku jirani wa chini akianza kugonga dari na ufagio, shusha leva, tupa taulo juu ya ngozi. Cavacha inaendelea, ila sasa ni ya watu wawili: wewe na yeye.