Bei ya Mkongwe: Timu Inayojijenga Upya Inavyopima Biashara ya Wachezaji

Timu ya kulipwa ya mpira wa vikapu inapojijenga upya, yaani inapokubali kushindwa mara nyingi kwa misimu miwili mitatu ili ilee chipukizi wa kuiletea ushindi baadaye, uongozi wake hukabiliwa na swali gumu la mkongwe yupi anunuliwe, yupi auzwe na kwa bei gani. Katika ligi ya NBA ya Marekani bei hiyo kwa kawaida hailipwi kwa fedha kama ilivyo katika soka, kwa kuwa mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji mwenzake au kwa haki ya kuchagua katika uteuzi wa chipukizi wa kila mwaka, ambamo timu dhaifu hupata nafasi za mbele. Tena timu iliyovuka kikomo cha mishahara hutakiwa kuhakikisha kwamba mishahara ya wanaotoka na ya wanaoingia inakaribiana.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni wa Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na ambaye katika muda wa miezi kumi na mitatu alibadilishwa mara mbili kwa wakongwe. Mara ya kwanza ilikuwa Februari 2011, Memphis ilipompeleka Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na haki moja ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya uteuzi, ikapokea Ish Smith na Shane Battier, mlinzi hodari mwenye umri wa miaka 32 ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha msimu huohuo.

Ukitazamwa juujuu, mpango huo ulikuwa ghali kwa mchezaji wa miezi michache, lakini Memphis ilikuwa tayari na kikosi cha kushindana na ilikuwa imempoteza mchezaji wake Rudy Gay kwa jeraha la bega. Aprili 17, 2011, katika mechi ya kwanza ya mchujo dhidi ya San Antonio Spurs, zikiwa zimesalia sekunde zipatazo 24, Battier alifunga mtupo wa pointi tatu ulioiweka Memphis mbele, nayo ikashinda 101–98. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa mchujo tangu klabu ianzishwe, baada ya kushindwa mara 12 mfululizo. Houston nayo, iliyokuwa ikijipanga upya baada ya majeraha ya Yao Ming, ilikuwa na sababu ya kumwachilia mkongwe na kubahatisha kijana, ingawa kijana mwenyewe hakukomaa kama ilivyotarajiwa.

Mara ya pili, Machi 15, 2012, Houston ilimtoa Thabeet, Jonny Flynn na haki ya raundi ya pili kwa Portland Trail Blazers ili impate Marcus Camby, aliyebakiwa na wiki moja kutimiza miaka 38. Houston haikufika mchujo, na Camby akaondoka msimu ulipokwisha. Portland, iliyomfuta kazi kocha wake siku hiyohiyo, ilimuuza pia Gerald Wallace kwa New Jersey Nets na kupokea, pamoja na wachezaji wawili, haki ya raundi ya kwanza ambayo ingebaki kwa Nets endapo tu ingeangukia nafasi tatu za mwanzo. Iliangukia ya sita, Portland ikamchagua Damian Lillard, aliyetawazwa mchezaji chipukizi bora wa msimu uliofuata.

Mikataba hii inaonyesha kwamba thamani ya mkongwe haipimwi kwa ubora wake peke yake, bali kwa jinsi miaka yake iliyobaki inavyolingana na kalenda ya timu inayomtaka. Kwa hiyo timu inayojijenga upya hufanya vyema kuwa muuzaji, na ikinunua, imtafute mkongwe mwenye mkataba mfupi, asiyeziba dakika za chipukizi na asiyegharimu haki ya raundi ya kwanza, kwa sababu haki hiyo hupanda thamani kadiri timu inavyoshindwa. Vivyo hivyo, mkulima wa kahawa anayebadilisha mashina yaliyozeeka anaweza kuacha shina moja liendelee kuulisha mti hadi machipukizi yashike, kisha akalikata nalo. Mkongwe mzuri kwa timu changa hufanya kazi hiyo, ya kufundisha nidhamu ya mazoezi na kuzuia kushindwa kusigeuke mazoea, na muda wake hujulikana tangu mwanzo.

Nchini Kenya, ambako vigogo wa mpira wa vikapu kama Ulinzi Warriors na KPA hutegemea taasisi zinazozimiliki na hakuna uteuzi wa chipukizi wa aina hiyo, klabu haiwezi kulipa kwa haki za kesho, lakini hulipa kwa mshahara na kwa dakika za uwanjani ambazo kijana angezitumia kujifunza. Kamati inayomtamani mkongwe ingefaa kwanza itaje msimu inaotarajia kushindania ubingwa, kisha ihesabu umri atakaokuwa nao mchezaji huyo wakati huo. Ikiwa atakuwa amekwisha kustaafu, bei yoyote inayozidi ya mwalimu wa muda ni kubwa mno.