Darsa ya Ramadhani: Haki ya Anayemlea Mzazi Aliyepotewa na Kumbukumbu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu katika imani, shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Darsa yetu baada ya Tarawehe usiku huu inamhusu mtu asiyekuwapo msikitini. Yuko nyumbani, hapa Mayfair au Yeoville, au kule Tanga na Mombasa, akimchunga mama ambaye hamtambui tena mwanawe.

Sura An-Nahl, aya ya 70, inatukumbusha kwamba wamo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri wa udhaifu, wasijue waliyokuwa wakiyajua. Madaktari huyaita maradhi haya dimenshia: huharibu ubongo, yakaondoa kumbukumbu, maneno, na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Si sihiri wala si laana. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na walio wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Haki ya mzazi tunaijua. Sura Al-Israa, aya ya 23, imekataza hata mguno wa kuchoshwa naye. Lakini mlezi naye ana haki. Salman al-Farisi alipomkuta Abu Dardaa amezama katika ibada hata akawasahau ahli zake na nafsi yake, alimkumbusha haki zao, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman.

Basi tutajuaje kwamba mlezi amelemewa? Mwaka 1980, Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walichapisha dodoso la kupima mzigo wa mlezi. Toleo linalotumika sana lina maswali 22, kila jibu likipewa alama 0 hadi 4, jumla 88. Mlezi huulizwa kuhusu muda wake mwenyewe, afya yake, fedha zake, haya na hasira anazozificha. Alama zaidi ya 60 kwa kawaida huhesabiwa kuwa mzigo mzito mno. Shirika la Afya Duniani nalo lina dodoso la maswali 26 kuhusu ubora wa maisha: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Vipimo hivi viwili hukamilishana, kwani mwenye mzigo mzito aweza kuishi vyema akiwa na wasaidizi, na mwenye mzigo mwepesi akavunjika kwa upweke.

Tatizo letu ni kwamba kila swali tunalijibu "Alhamdulillah". Kumshukuru Mola ni wajibu. Kumweleza ndugu au daktari kwamba umechoka si kukufuru neema.

Nasi tunakiri kosa letu. Dada yetu aliyemuuguza baba alitupigia simu akilia. Tukamtajia thawabu za subira, tukamtumia fedha, wala hatukumuuliza usiku ule alilala saa ngapi. Fedha zilifika, usingizi haukumfikia.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Kwanza, mzee aliyepotewa na akili kabisa hana saumu wala fidia, kwa kuwa kalamu imeinuliwa kwake. Msimshurutishe, wala mlezi asijione na dhambi kwa kumlisha mchana. Mwenye akili timamu aliyeshindwa na mwili kwa uzee ndiye atoaye fidia. Pili, pangeni zamu, na watoto wa kiume wawemo. Tatu, mzee anayepokea posho ya wazee hapa Afrika Kusini naye anahitaji uangalizi wa muda wote, aombewe kwa SASSA posho ya ziada ya uangalizi. Raia, wakazi wa kudumu na wakimbizi waliotambuliwa wanaweza kuiomba.

Aya ya mwisho ya Sura Al-Baqara yatufunza kwamba Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Basi tusimtwike dada yetu peke yake kile tulichofaradhishiwa sote. Kabla ya daku, mpigieni simu anayemlea mzazi wenu. Muulizeni amelalaje, kisha nyamazeni mumsikilize.

Ewe Mola, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea wadogo, na uwape nguvu wanaowalea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.