Herufi za Kale katika Sarafu za Shaba za Uyahudi

Sarafu ndogo za shaba nyeusi walizopiga watawala Wahasmonayo katika nchi ya Uyahudi zimechunguzwa zaidi na wanahistoria kuliko wanalugha, ingawa maandishi yake yana mengi ya kumfaa mwanalugha.

Picha zake nyingi ziliazimwa. Nanga ilitoka kwa wafalme Waseleuko, waliokuwa mabwana wa Yerusalemi hapo kwanza. Pembe mbili zilizojaa matunda zilikuwa alama ya neema kwa Wayunani. Baina ya pembe hizo Wayahudi walitia komamanga, na uso wa mtawala hawakuuchora kabisa.

Wakati huo Kiebrania kiliandikwa kwa kawaida kwa herufi za mraba zenye asili ya Kiaramu, nazo ndizo zitumikazo hata leo. Juu ya sarafu, hata hivyo, zilikatwa herufi za kale, za zama za wafalme waliotangulia uhamisho wa Babeli. Yamkini wachuuzi wengi hawakuweza kuzisoma. Na mafundi nao waliziharibu mara kwa mara. Hati yenyewe, basi, yaelekea ilikuwa alama, yenye kudai urithi wa ufalme wa kale.

Sarafu za Hyrcanus wa Kwanza (135–104 K.K.) zasema: "Yehohanan Kuhani Mkuu na *hever* ya Wayahudi." Shina la neno *hever* lina maana ya kuungana. Wataalamu wengine hulifasiri kuwa baraza la wazee, wengine jamii nzima ya Wayahudi. Tofauti hiyo si ndogo: ni kuuliza kuhani alishirikiana na nani katika kutawala.

Mwanawe, Alexander Jannaeus (103–76 K.K.), alijiita mfalme. Baina ya miali ya nyota imeandikwa kwa Kiebrania "Yehonatan Mfalme"; upande wa nanga, kwa Kiyunani, "ya Mfalme Alexander". Kisha baadhi ya sarafu zake zilipigwa upya juu ya chapa ya kwanza, na mahali pa "Mfalme" pakaja "Kuhani Mkuu". Wako wanaolihusisha jambo hili na ugomvi wake na Mafarisayo. Dhana hiyo yapendeza, ila sarafu haitaji sababu.

Herode alitumia Kiyunani tu. Herufi za kale zilirudi katika uasi juu ya Warumi ulioanza mwaka 66 B.K. Shaba za mwaka wa pili na wa tatu wa uasi zaandika "Uhuru wa Sayuni"; za mwaka wa nne, Warumi walipokuwa wakiukaribia mji, zaandika "Kwa ukombozi wa Sayuni".