Mashabiki wavutana kuhusu mkondo wa Metallica

MASHABIKI wa Metallica, kundi la muziki wa roki nzito kutoka Marekani, hawajawahi kukubaliana. Tangu albamu ya 11 ya kundi hilo, 72 Seasons, itoke Aprili 14, 2023, wamekuwa wakivutana kuhusu swali lile lile la siku zote, ingawa sasa lina uzito zaidi: je, wakongwe hawa waelekee wapi katika albamu itakayofuata?

Wapo wanaotaka kasi ya miaka ya themanini irejeshwe. Wapo wanaotamani nyimbo fupi, zenye mahadhi ya kukumbukika, zilizolifanya kundi hilo lijulikane hata na watu wasiosikiliza roki. Na wapo, wachache lakini wenye sauti, wanaoshikilia kwamba wanamuziki waliokwisha kutajirika kiasi hicho hawana sababu ya kuogopa kujaribu jambo geni kabisa.

Ili kuelewa kwa nini ubishi huu hauishi, hatuna budi kurudi nyuma. Metallica iliasisiwa mjini Los Angeles mwaka wa 1981 na Lars Ulrich, mpiga ngoma mzaliwa wa Denmark, pamoja na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gita. Albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All, ilitoka 1983 na kusaidia kuutambulisha mtindo uitwao thrash: magita yanayokwaruzwa kwa kasi ya kutisha, ngoma zinazokimbizana na mwimbaji anayefoka zaidi ya anavyoimba. Vijana waliochoshwa na roki laini ya redioni waliipokea kama kitu chao wenyewe.

Mwaka mmoja tu baadaye, katika albamu ya Ride the Lightning, kukawa na wimbo uitwao Fade to Black unaoanza polepole kwa gita lisilotumia umeme. Baadhi ya mashabiki wakang'aka. Walidai kundi limewasaliti. Hebu fikiri: kundi lilikuwa na albamu moja sokoni na lilikuwa tayari linashtakiwa kwa kuacha asili yake! Hili ndilo jambo ambalo wale wanaotaka Metallica "irudi nyumbani" aghalabu hulisahau. Nyumba yenyewe ilianza kubomolewa na kujengwa upya kabla rangi haijakauka. Leo hii Fade to Black huimbwa na uwanja mzima, wakiwemo wale wanaojiita walinzi wa asili.

Albamu ya tatu, Master of Puppets ya mwaka wa 1986, ndiyo ambayo wengi huiona kuwa kilele. Septemba 27 mwaka huo huo, Cliff Burton, aliyekuwa akipiga gita la besi, alifariki nchini Uswidi basi lililokuwa likilisafirisha kundi hilo lilipopinduka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kifo hicho kimeuathiri mjadala kuliko inavyosemwa waziwazi, kwa maana kila uamuzi wa baadaye hupimwa dhidi ya mtu asiyeweza kuulizwa. "Cliff hangekubali" ni hoja isiyo na jibu.

Nafasi yake ilichukuliwa na Jason Newsted, na katika albamu iliyofuata, ...And Justice for All ya mwaka wa 1988, besi lake halisikiki karibu kabisa. Nyimbo zenyewe zilikuwa ndefu na tata. Wanamuziki hao wamekiri kwamba walipokuwa wakiupiga jukwaani wimbo mkuu wa albamu hiyo, unaokaribia dakika 10, waliona uchovu kwenye nyuso za watazamaji.

Wakamtafuta Bob Rock, mtayarishaji aliyekuwa ametengeneza albamu ya Dr. Feelgood ya kundi la Mötley Crüe. Matokeo yake, mnamo Agosti 1991, yalikuwa albamu yenye jalada jeusi iliyobeba jina la kundi lenyewe. Mwendo ulipunguzwa, nyimbo zikafupishwa, besi likarejeshwa, na Hetfield akaanza kuimba kwa kweli. Nchini Marekani pekee imeuzwa zaidi ya nakala milioni 16. Kwa mamilioni ya watu, ikiwa ni pamoja na wengi waliolifahamu kundi hili kutoka mbali, vibao kama Enter Sandman na Nothing Else Matters ndivyo Metallica. Kwa mashabiki wa kale, huo ndio mwaka ambao Metallica ilikufa.

Hapo ndipo mpasuko ulipokuwa wa kudumu. Albamu ya Load ya mwaka wa 1996 ilipotoka, ikiwa na ladha ya roki ya kusini mwa Marekani na hata bluzi, ubishi ulihusu nywele kama ulivyohusu nyimbo, kwa kuwa wanamuziki walikuwa wamezikata. Huenda msomaji akacheka, lakini katika roki nzito nywele ndefu zilikuwa sare.

Kisha ikaja St. Anger ya mwaka wa 2003. Newsted alikuwa ameondoka Januari 2001, Hetfield akaingia katika kituo cha matibabu ya uraibu mwaka huo huo, na kundi likawa linamlipa mshauri wa masuala ya nafsi ili wasisambaratike. Yote hayo yamo katika filamu ya Some Kind of Monster iliyoonyeshwa mwaka wa 2004. Albamu iliyozaliwa humo ilikuwa na hasira na kasi ambayo mashabiki wa kale walikuwa wakiililia kwa miaka 12. Hata hivyo, wengi waliikataa. Haikuwa na solo hata moja ya gita. Isitoshe, Ulrich alikuwa amelegeza nyaya za chuma zilizo chini ya ngoma yake ndogo, zile zinazoipa ngoma hiyo mlio mkali na mkavu, ikawa inalia kama sufuria inayogongwa kwa mwiko. Mashabiki takriban 1,500 walitia saini waraka wa kutaka Bob Rock aachishwe kazi, na mwaka wa 2006 kundi likatangaza kwamba litafanya kazi na Rick Rubin.

Rubin aliwashauri wajiweke tena katika fikira za wakati wa Master of Puppets. Kwa maneno mengine, ombi la mashabiki lilikubaliwa rasmi. Death Magnetic ya mwaka wa 2008 ilirejesha nyimbo ndefu, solo na kasi. Na bado ugomvi ukazuka, safari hii kuhusu kiwango cha sauti.

Inafaa kueleza kidogo. Sauti inapotayarishwa kwa ajili ya sahani, mafundi huweza kuibana: sehemu za chini huinuliwa na vilele hukatwa, ili wimbo wote usikike kwa nguvu ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Ikizidishwa, sauti hukwaruza na ngoma hupoteza mshindo wake. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii ilipasuka. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizo hizo, zilizotolewa pia kwa ajili ya mchezo wa video wa Guitar Hero, zilikuwa safi zaidi humo kwa sababu hazikubanwa kiasi hicho. Maelfu walitia saini wakitaka albamu itengenezwe upya. Ulrich aliitetea, lakini fundi aliyefanya kazi ya mwisho alisema nyimbo zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa.

Ukiyatazama malalamiko hayo pamoja, utaona jambo la ajabu. Kuhusu kasoro, mashabiki walikuwa sahihi karibu kila mara: besi la 1988 halisikiki, ngoma ya 2003 inaudhi, sauti ya 2008 imeharibiwa. Kuhusu njia ya kufuatwa, walikosea mara nyingi. Waliulaani wimbo wa polepole wanaouimba leo, na waliitabiria kifo albamu iliyolipa kundi maisha yake. Ni kama mgonjwa anayejua barabara panapomuuma, lakini dawa anayojiandikia haimfai.

Waliopendelea ujasiri nao wana jeraha lao. Mwaka wa 2011 Metallica ilishirikiana na Lou Reed kutengeneza Lulu, albamu inayotokana na tamthilia za Mjerumani Frank Wedekind. Reed alisema baadhi ya mashabiki wa Metallica walimtishia hata maisha. Albamu hiyo ni ngumu kusikiliza, hilo sikatai, lakini kitisho cha risasi kwa sababu ya wimbo ni wazimu.

Kuna waliozoea kuzilaumu kampuni za kurekodi kila mkondo unapobadilika. Lawama hiyo haina mashiko tena. Tangu Novemba 2012 Metallica ina kampuni yake, Blackened Recordings, na inamiliki rekodi zake zote. Hakuna bwana mkubwa anayewaagiza watengeneze nini. Kikwazo, ikiwa kipo, kiko viwanjani. Katika ziara iliyoanza Amsterdam mnamo Aprili 2023, kundi lilijipangia kupiga siku mbili katika miji mingi bila kurudia wimbo hata mmoja, na hata hapo nyimbo za kabla ya mwaka wa 1992 ndizo zinazozua kelele kubwa zaidi. Albamu mpya lazima ishindane na mizimu ya watunzi wake wenyewe.

Mizimu hiyo pia inazaa wafuasi wapya. Mwaka wa 2022, wimbo wa Master of Puppets ulipotumika katika mfululizo wa televisheni wa Stranger Things, uliingia kwa mara ya kwanza katika chati ya nyimbo 100 bora za Marekani, miaka 36 baada ya kutolewa. Baadhi ya mashabiki wakongwe waliwadharau vijana hao. Kundi lenyewe likawakaribisha. Vijana hao nao sasa wana maoni kuhusu albamu ijayo.

Kinachoutia mjadala huu dharura ni hesabu. Kutoka St. Anger hadi Death Magnetic ilichukua miaka mitano. Hadi Hardwired... to Self-Destruct, mwaka wa 2016, minane. Hadi 72 Seasons, zaidi ya sita. Hetfield na Ulrich walizaliwa 1963, Kirk Hammett 1962 na Robert Trujillo 1964. Kwa mwendo huo, wanamuziki waliovuka miaka 60 hawana albamu nyingi mbele yao, na ngoma za thrash hazimhurumii mpigaji. Anayetaka kasi anajua kwamba kila mwaka unaopita unaipunguza. Anayetaka jambo jipya anajua kwamba nafasi ya kukosea na kusahihisha imekuwa finyu.

Jina la albamu ya 2023 linahusu misimu 72, yaani miaka 18 ya kwanza ya maisha, ambayo Hetfield huiona kuwa ndiyo inayomuumba mtu. Pengine shabiki naye huumbwa hapo, na Metallica anayoitetea ni ile iliyomkuta akiwa kijana. Humo humo mna Lux Æterna, wimbo wa kasi usiotimiza dakika tatu na nusu, na Inamorata, unaojikokota kwa zaidi ya dakika 11 na ambao ndio mrefu zaidi kati ya zote walizotunga. Wa kwanza ulisifiwa na waliolia tangu 1991, wa pili na waliotaka kundi lithubutu, na kila upande umeushika wimbo wake kama ushahidi.