Walilima Kutwa, Wakakosa Rede

Soksi moja kuukuu, hata ikiwa imetoboka kisigino. Ndani yake vipande vya vitambaa vilivyookotwa kwa fundi cherehani, vimeviringishwa na kukazwa, kisha mdomo wa soksi unapinduliwa mara mbili na kushonwa kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye kiroba. Ukishindiliwa sana, mpira huo unaumiza mbavu. Ukijazwa kidogo hauendi mbali. Wapo wanaotia majani makavu ya mgomba katikati ili uwe mwepesi, lakini masika yakiulowesha, unaoza. Zamani ungefungwa kwa mifuko ya plastiki kama mipira ya watoto nchi nzima, ila mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na mikono midogo ikabuni mengine.

Nilionyeshwa mpira huo na mwalimu wa michezo wa shule moja ya msingi wilayani Kasulu. Nilikuwa nimemuuliza habari za corona. Akaenda kabatini, akarudi na soksi.

Tanzania hatukufungiwa ndani. Jirani zetu Uganda walikatazwa hata kukimbia barabarani, na Aprili 2020 Rais Museveni akajirekodi akifanya mazoezi ofisini kwake, pekupeku, ili wananchi waige. Huku kwetu mashamba yalibaki wazi. Kilichofungwa ni shule, kwa tangazo la Machi 17, 2020, na wanafunzi wa msingi hawakurudi hadi Juni 29.

Mwalimu anasimulia kwamba wavulana hawakuhangaika. Maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yalipokatika, walihamia kwenye soka la chandimu kila jioni. Wasichana ndio waliopotea machoni pake. Aliwaona njiani tu: huyu kajitwika ndoo, yule kabeba kuni, mwingine na mtoto mgongoni akielekea palizi. Kazi iliyokuwa ikisubiri kengele ya kutoka shuleni ikaanza alfajiri.

Hata hivyo kuna kikundi kilichokuwa kikiiba muda kabla ya giza ili kicheze rede. Wawili wanasimama, huyu huku na yule kule, wanarushiana soksi wakimlenga aliye katikati, naye anakwepa, anainama, anaruka, huku akijaza chupa mchanga kwa viganja. Mtoto mchanga wa nyumbani anapokezanwa mgongo kwa mgongo, ili kila dada apate zamu yake. Mwalimu anasema alikuwa akisikia kelele zao kabla hajawaona, na kwamba shule ilipofunguliwa aliweza kuwatambua darasani pasipo kuuliza. Waliocheza walirudi wakibishana na kuinua mikono. Wengi wa wale wengine walirudi kimya, mabega chini, wakijibu kwa kutikisa kichwa. Haiiti sayansi. Anasema tu kwamba aliwafahamu kabla ya Machi.

Maneno yake yalinikaa rohoni kwa sababu ya mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Novemba mwaka huohuo. Unawataka watu wazima wautumikishe mwili dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na watoto wastani wa saa moja kwa siku, nao unahesabu kila aina ya mwendo, kazi za nyumbani zikiwemo. Kwa kipimo hicho, msichana wa miaka 12 anayepanda kilima na ndoo kichwani amemaliza hesabu yake kabla ya uji. Lakini watafiti wa afya ya akili wameona mara nyingi kwamba mwendo wa mapumziko huambatana na sonona kidogo kuliko mwendo wa kazi. Kwa nini? Mwalimu ana lake: kwenye rede hakuna aliyekutuma. Ukipigwa unatoka, unacheka, unangoja zamu. Kwenye palizi hakuna zamu.

Nami namwamini.

Na wasichana wa kambi za wakimbizi je? Nduta, wilayani Kibondo, na Nyarugusu, Kasulu, shule zilifungwa pia, na huko mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, corona iwepo isiwepo. Nyarugusu ipo tangu 1996. Wapo waliozaliwa ndani ya kambi hiyo na sasa wanalea watoto humohumo. Ni nani aliyewahi kuwauliza wanacheza saa ngapi?

Lipo jambo ambalo mwalimu alilisema huku akifunga kabati. Si wote waliorudi Juni. Aliyepata ujauzito wakati ule hakuruhusiwa kuendelea na masomo katika shule ya serikali. Katazo hilo liliondolewa Novemba 2021. Anajiuliza kama nusu saa ya kelele kila jioni, mahali ambapo watu wazima wanawaona, ingemlinda hata mmoja.

Siku hizi ameiweka rede kwenye ratiba kabla ya wanafunzi kuruhusiwa. Baadhi ya wazazi wanalalamika kwamba maji yanachelewa kufika nyumbani, na mmoja alikuja shuleni kuuliza mchezo huo unaleta nini mezani. Mwalimu alimjibu kwamba maji yatachotwa, ila kwanza mtoto acheze. Mzazi yule ameahidi kulifikisha suala hilo kwenye kikao cha kamati ya shule, na mwalimu amesema atakuwepo.