Mwalimu akisomea uzamivu, nyumba nzima ijipange

Mwalimu aliyefundisha miaka 20 akianza shahada ya uzamivu ya elimu, ana mtaji mkononi. Ameona watoto wakikwama kwenye kusoma na hesabu, hivyo swali la utafiti halitafuti mbali.

Tatizo ni muda. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, na mwalimu anaweza kusoma bila kuacha kazi. Lakini safari hiyo huchukua miaka mitatu au zaidi: kukusanya data, kuandika, kusubiri maoni ya msimamizi, kisha kurudia sura aliyodhani imekwisha.

Mchana ni wa vipindi, jioni madaftari ya kusahihisha. Kinachobaki ni usiku, na hapo usingizi ndio huibwa. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Akizikosa kwa miezi, hasira huwa karibu, kumbukumbu hupungua na hatari ya shinikizo la damu huongezeka.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, zungumza na mwenza wako. Nani atasimamia kazi za shule za watoto? Ada itatoka wapi bila kugusa ya kwao? Chagueni siku za kuandika, na siku moja ambayo kompyuta haifunguliwi.

Watoto nao waelezwe. Mtoto asiyejua mama anaandika nini hudhani anakwepwa. Anayejua humwuliza amefika ukurasa wa ngapi.